Utamu wa Kuogopa: Menengai, Mazimwi na Hadithi Zisizochuja

Jumapili alasiri ukingo wa Menengai hujaa watu. Wapo wanafunzi waliopanda kwa bodaboda kutoka mjini Nakuru, familia zilizotoka kanisani zikiwa bado katika nguo za ibada, na vijana wanaopigana picha wakiwa wameligeuzia shimo mgongo. Chini yao ardhi imezama karibu nusu kilomita, na ukuta wa upande wa pili uko mbali kiasi kwamba miti yake haionekani ila kama ukungu wa kijani. Mandhari hayo peke yake yanatosha kumfidia mtu nauli yake. Hata hivyo, hakukawii kutokea mmoja wa kuuliza, "Ni kweli watu hupotelea humu?"

Hapo kundi husogeleana. Mwenyeji yeyote aliye karibu, awe muuza soda au kijana wa kuongoza wageni, anajua kinachotakiwa. Ataeleza habari za mchungaji aliyeshuka kutafuta mbuzi akazunguka hadi kesho yake, ilhali ukingo wa kutokea aliuona juu ya kichwa chake muda wote. Ataeleza kuhusu shamba linaloonekana kule chini likilimwa na watu wasiojulikana, nawe ukitazama tena huoni shamba wala mkulima. Kisha atanyoosha kidole kwenye nguzo za mvuke zinazopanda kutoka kwenye mawe meusi na kusema kwamba hizo ni roho za wapiganaji wa Kimaasai walioangukia humo, nazo hadi leo zinatafuta njia ya kupanda mbinguni.

Hakuna anayeondoka. Wasichana hushikana mikono, mtoto hujificha nyuma ya baba yake huku akichungulia, na simulizi ikiisha huombwa nyingine. Sehemu hii ya Bonde la Ufa imeonja hofu za kweli kwa wingi: vita vya malisho, moto barabarani, mafuriko, ghasia za uchaguzi. Inakuwaje watu waliokwisha kuogopa hivyo wapande mlima siku ya mapumziko kwenda kutafuta hofu nyingine, na waifurahie?

Wafu wa Ilaikipiak

Jibu linaanzia kwenye shimo lenyewe. Menengai ni volkano ambayo maelfu ya miaka iliyopita ilitapika mpaka paa lake likakosa cha kuliegemeza, likaporomoka. Kilichobaki ni bakuli la takriban kilomita za mraba 90, ukingo wake wa juu ukifikia mita 2,278 kutoka usawa wa bahari. Sakafu yake ni lava iliyopoa ikapasuka, yenye nyufa, mapango na vichaka vinavyofanana kila upande. Ukuta umezunguka pande zote, kwa hiyo anayeshuka bila mwenyeji hana mwelekeo wa kushika. Kupotea humo hakuhitaji shetani. Msimulizi wa Menengai ana bahati ambayo wasimulizi wengi hawana, kwa kuwa ushahidi wake uko pale pale chini ya miguu ya msikilizaji.

Halafu ipo historia. Katika karne ya 19 matawi ya Wamaasai yalipigania nyasi na maji katika nyanda hizi. Ilaikipiak, waliokuwa na nguvu kubwa katika uwanda ambao hadi leo unaitwa Laikipia, walishindwa na Ilpurko pamoja na washirika wao mnamo miaka ya 1870. Simulizi za wazee zinasema kwamba pigano moja lilifika hadi ukingoni mwa Menengai, na wapiganaji wengi wakasukumwa wakatumbukia. Waliosalimika walitawanyika wakamezwa na jamii nyingine, wakakoma kuwa watu wenye jina lao. Taifa zima la wafugaji likabaki jina la ardhi, na jeshi lake likabaki mvuke.

Mvuke huo sasa una maelezo mengine. Mwaka wa 2011 kampuni ya serikali ya jotoardhi, GDC, ilianza kuchimba visima humo ndani, na mwaka wa 2023 mtambo wa kwanza, wenye uwezo wa megawati 35, ulianza kuzalisha umeme. Mhandisi atakwambia kwamba maji ya mvua huzama hadi kwenye miamba yenye moto, yakachemka na kurudi juu kupitia nyufa. Katika mapango ya shimo hilo hilo wapo waumini wanaofunga na kuomba kwa siku kadhaa, nao humwona Mungu pale ambapo wengine humwona shetani. Umeme, maombi na mizimu vinaishi pamoja katika bakuli moja, na maelezo ya mhandisi hayajamnyang'anya msimulizi hata msikilizaji mmoja. Watu wanaopanda kusikiliza hawakukosa elimu. Wengi wao wamesoma jiografia ya Bonde la Ufa tangu shule ya msingi. Wanachokifuata pale hakimo katika somo la miamba.

Zimwi hachagui ovyo

Kabla watu hawajaanza kupanda Menengai kwa matembezi, hofu ya namna hii ilikuwa na kikao chake jikoni, usiku, chakula kikingoja kuiva. Kwa Wagikuyu, ambao wengi wao wamekaa Nakuru, Njoro, Bahati na Subukia kwa vizazi kadhaa, mhusika mkuu ni irimu, zimwi lenye mdomo wa pili kisogoni lililouficha kwa nywele ndefu. Hadithi yake mashuhuri zaidi ni ya mke wa mhunzi. Mume amesafiri mbali kufua chuma, mke amejifungua, na aliyekuja kumuuguza ni zimwi. Kila likipika, humwonyesha mama mzazi chakula, humwambia ale, kisha hukila lenyewe likidai kwamba mama amekataa. Mama anakonda siku baada ya siku. Mwishowe anampa njiwa mbegu za mbarika, njiwa anaruka hadi kiwandani na kumwimbia mhunzi kwamba mkewe yu mikononi mwa zimwi. Mhunzi anarudi na mkuki.

Kwa Wakalenjin yupo Chemosit. Mwingereza A. C. Hollis, aliyeandika kitabu kuhusu Wanandi kilichochapishwa mwaka wa 1909, alielezwa kwamba kiumbe huyo ni nusu mtu nusu ndege, ana mguu mmoja, hutembelea fimbo iliyo kama mkuki, na mdomo wake mwekundu hung'aa gizani mithili ya taa. Jambo la kutisha kuliko yote ni mbinu yake. Usiku huimba karibu na maboma. Watoto wakiona mwanga na kusikia wimbo hudhani kuna ngoma, wakatoka kwenda kucheza, nao hawarudi.

Tazama vizuri na utaona kwamba viumbe hawa hawachagui ovyo. Irimu huja wakati mume hayupo na mwanamke hana nguvu za kusimama. Chemosit humpata mtoto anayefuata mwanga na muziki nje ya boma usiku. Katika visa vingine zimwi huja akiwa kijana mtanashati kwenye ngoma, na anayenaswa ni msichana aliyemfuata mgeni kwa kuvutiwa na sura bila kuuliza ukoo wake. Kila tishio limekaa mahali ambapo katika maisha ya kweli kulikuwa na hatari: mzazi asiye na msaidizi, fisi na chui wa usiku, mgeni asiyejulikana. Mtoto alifundishwa mipaka ya uhai wake bila kuhubiriwa, na alikumbuka kwa sababu alitetemeka.

Na kutetemeka huko kulizungushiwa ua. Hadithi ilikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Msimulizi wa Kigikuyu huanza kwa kuwataka wasikilizaji waitikie "itha", kama vile Mswahili anavyosema "paukwa" akajibiwa "pakawa", na mwishoni hutamka wazi kwamba hadithi yake imeishia hapo. Katika jamii nyingi ilikuwa mwiko kusimulia mchana, na aliyekiuka alionywa kwamba ataota pembe au atapoteza ng'ombe. Mchana ulikuwa wa kazi, usiku ukawa wa mazimwi.

Mgawanyo huo ni wa kale na umeenea mbali. Mwanaanthropolojia Polly Wiessner alichunguza mazungumzo ya Waju/'hoansi wa Botswana na Namibia, na mwaka wa 2014 akachapisha matokeo yake. Mchana walizungumza hasa kuhusu riziki na malalamiko, na hadithi hazikuzidi asilimia 6 ya mazungumzo. Usiku, kandokando ya moto, hadithi zilipanda hadi asilimia 81. Giza lilipowazuia kufanya kazi, lilifungua akili zao ziende kwa watu wasiokuwepo, wafu na viumbe wasioonekana. Cucu wa Njoro na kogo wa Rongai, yaani bibi wa Kigikuyu na bibi wa Kikalenjin, walikuwa katika desturi ambayo huenda ni ya zamani kuliko lugha zetu zote.

Moyo unapodunda

Wanasayansi nao wameanza kuitafuta raha hii kwa vipimo. Mwaka wa 2020 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika jumba la kutisha mjini Vejle, ambako waigizaji huwarukia wageni gizani. Watu 110 waliingia wakiwa wamevishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Walioogopa kidogo mno hawakufurahia sana, na walioogopa kupita kiasi hawakufurahia pia. Raha ilikuwa katikati, pale moyo ulipodunda zaidi ya kawaida lakini mtu akabaki na uwezo wa kujituliza.

Mwanasaikolojia wa Marekani Paul Rozin na wenzake walikuwa wamelisema jambo lililo karibu na hilo mwaka wa 2013 walipochunguza watu wanaopenda maumivu yasiyodhuru. Mfano wao ulikuwa pilipili. Ulimi unalia moto, mwili unajihami, ilhali akili inajua kwamba hakuna kinachoungua. Kutambua kwamba mwili umedanganyika nawe huna la kuhofia ndiko kunakoleta furaha. Ndivyo ilivyo ukingoni mwa Menengai: damu inakimbia, nywele zinasimama, na papo hapo unasikia matatu zikipiga honi kule mjini.

Upo pia utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, wakati dunia ilipokuwa imefungiwa na korona. Coltan Scrivner na wenzake waligundua kwamba wapenzi wa filamu za kutisha walieleza kusumbuka kidogo kuliko wengine katika miezi ile ya mwanzo. Utafiti huo hauthibitishi kwamba filamu ndizo zilizowakomaza, kwani huenda wenye moyo mgumu ndio wanaozipenda. Hata hivyo unakubaliana na jambo ambalo Waswahili wamelisema kwa muda mrefu, kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Aliyekutana na hofu mara nyingi katika hadithi anaijua njia yake mwilini: inaanza wapi, inapanda hadi wapi, na inashuka vipi.

Kuna jambo moja ambalo mitambo ya kupimia moyo haikulenga kulipima, nalo mimi naliona kuwa ndilo kiini: hofu ya hadithi karibu kila mara ni hofu ya pamoja. Kundi la ukingoni husogeleana. Mtoto wa jikoni alimwogopa irimu akiwa ameshika nguo ya bibi yake. Katika mabweni ya shule zetu, taa zikishazimwa, wasichana hukusanyika vitanda viwili kusimuliana habari za yule mwanamke mrembo wa Mombasa ambaye miguu yake, ukitazama chini, ni kwato. Katika vibanda vya video vya miaka ya nyuma, filamu za Nigeria kama *Karishika* zilitazamwa na ukumbi mzima uliopiga mayowe kwa pamoja na kucheka kwa pamoja. Hofu ya kweli humtenga mtu. Anayeogopa kufukuzwa kazi au kuambiwa majibu ya hospitali hukesha peke yake. Hadithi ya kutisha huichukua hofu hiyo hiyo ya kupotea, kuliwa na kuachwa, na kuigawa kwa wote walioketi, kila mmoja akapata sehemu anayoweza kuibeba. Ndiyo maana aliyetishwa huomba nyingine.

Msiba usiosimulika

Tukubali pia kwamba si kila kifo kinaweza kuingia katika hadithi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 kingo za bwawa la Patel kule Solai, kaunti hii hii ya Nakuru, zilibomoka. Maji yalishuka gizani na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanawake na watoto. Sijamsikia mtu akiisimulia Solai kwa kunogesha. Wala sijamsikia anayetafuta msisimko katika habari za ghasia za uchaguzi za Januari 2008, pale majirani wa mitaa ya Nakuru walipogeukiana kwa mapanga na mishale. Habari hizo husemwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi husemwa nusu.

Tofauti kati ya Solai na Menengai ni muda. Waliowalilia wapiganaji wa Ilaikipiak wamekwisha kufa nao, na karne moja na nusu imegeuza maombolezo kuwa simulizi. Ukiifukua hadithi ya mizimu ya mahali fulani, mara nyingi chini yake utakuta msiba. Raha tunayoipata haiwatukani wafu iwapo tunakumbuka kwamba walikuwa watu. Pengine bila mashetani yake Menengai ingelikwisha kuwasahau Ilaikipiak kabisa. Watoto wengi wa Nakuru wamesikia kuhusu roho za mvuke kabla ya kusoma lolote kuhusu vita vya Wamaasai, na kwa baadhi yao mizimu ndiyo iliyowaongoza kuuliza ni akina nani walioanguka pale.

Hadithi inapogeuzwa ushahidi

Hatari huanza pale ua unapovunjwa. Chukua barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, kipande cha Salgaa na Sachangwan. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka Sachangwan, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya 100. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakafa, mwishoni mwa mwezi uliokuwa umekwisha kuua wengi katika barabara hiyo. Haikuchukua muda kabla ya watu kuanza kusema kwamba barabara ina mapepo yanayotaka damu, na maombi yakafanywa ya kuyafukuza.

Sibezi maombi ya waliofiwa. Lakini sababu zilikuwa wazi kwa kila dereva wa masafa marefu: mteremko mrefu, malori yenye mizigo mizito yanayoachiwa yateremke bila gia ili kuokoa mafuta, breki zinazopata moto hadi zikashindwa kushika, na magari ya kupanda na kushuka yakitumia barabara moja isiyo na kizuizi katikati. Pepo hafunguliwi mashtaka na wala hapimwi breki. Kila tunapomkabidhi yeye lawama, mwenye lori bovu hupumua.

Nchi nzima imewahi kuteleza hapo. Mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti iliyotolewa hadharani mwaka wa 1999 ilisema kwamba ibada hizo zipo, ikataja kafara za watu na miujiza ya kichawi, na kuyashuku hata baadhi ya madhehebu ya dini. Visa vya bwenini vilikuwa vimepewa muhuri wa serikali. Kisa cha mwanamke mwenye kwato kikisimuliwa baada ya taa kuzimwa hakimdhuru mtu. Kikiwekwa katika faili ya uchunguzi, yupo mwanafunzi au jirani atakayetazamwa miguu.

Na yapo mabaya zaidi. Mnamo Oktoba 2021, kule Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Waliowaua hawakuwa wakifurahia hadithi. Walikuwa wameiondoa katika ua wake, wakaipa sura ya bibi wa jirani. Kwa wazee wetu zimwi lilikuwa na mdomo kisogoni, mguu mmoja au kinywa cha taa, na huenda hiyo nayo ilikuwa busara, kwa kuwa hakuna jirani anayefanana na kiumbe kama huyo.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka watoto wasisikie mazimwi kabisa kwa kudai kwamba yanawatia woga au yanapingana na dini. Mtoto ataipata hofu kwa vyovyote, na sasa mara nyingi huipata peke yake, chini ya blanketi, katika simu isiyomwambia ni wapi hadithi inaishia. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na jiji lenye Menengai juu yake, na wazee wa Kimaasai, Kikalenjin na Kigikuyu wanaozijua simulizi hizi kwa lugha zao, lina hazina ambayo miji mingi ingeitamani. Maktaba zake na shule zake zinaweza kuzikusanya wazee wangali hai. Vijana wanaowaongoza wageni ukingoni wanaweza kufundishwa kuyasimulia yote mawili, roho za mvuke na vita vya Ilaikipiak, bila kimoja kukifuta kingine.

Na nyumbani kazi hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji mtu mzima mmoja atakayekubali kuketi gizani na watoto, awatishe kisawasawa, abaki nao mpaka mioyo yao itulie, kisha awaambie waziwazi kwamba hadithi imeishia hapo na kesho kuna shule. Mtoto aliyelelewa hivyo akikua na kuambiwa kwamba barabara inakula watu, atauliza habari za breki. Akiambiwa kwamba bibi wa jirani ni mchawi, atajua kwamba huyo ni bibi, na kwamba mazimwi yana mahali pao.